Tela Letu la Nta, Kutoka Kasulu Mpaka Porini

Tulisafiri kwa sababu ya nyonga ya Data, na Data ndivyo sisi Waha tunavyomwita baba. Alikuwa ameanguka kutoka mtini akirina asali, na tangu hapo hakuweza tena kulala chini. Mwaka 2013 alijaribu. Alipanda bodaboda kutoka nyumbani Murungu, akalala dago, ile kambi ya warina asali, na kesho yake wenzake wakamrudisha kwenye machela.

Mizinga yake ikabaki porini bila mrithi. Katika ukoo wetu mizinga haikabidhiwi kwa mdomo, watu mmekaa sebuleni. Mwenyewe humpeleka mrithi chini ya kila mti, humshikisha shina, kisha huwatajia nyuki jina lake. Data asipofika, hakuna wa kurithi. Na aliyekuwa akitajwa kurithi ni mimi Fideli, mwanawe wa kiume pekee, mwalimu wa shule ya msingi Kibondo, mtu ambaye akisikia nyuki mmoja anavuma anavua shati na kukimbia.

Wazo lilikuwa la dada yangu Sesilia, fundi wa kuchomelea vyuma mjini Kasulu. Alinipigia simu katikati ya kipindi.

"Mwalimu, kama mzee hawezi kulala chini, tumpelekee kitanda."

"Kitanda gani kitakachofika kule, dada?"

"Chenye magurudumu. Shule zikifungwa, uje. Na uje na nguo za kuchafuka."

Kasulu, mwezi wa sita, 2014. Karakana ya Sesilia ni kibanda cha mabati nyuma ya soko. Nilikuta ameshapata ekseli na springi za pikapu iliyokufa, na ameshaunga chasisi kwa mabomba ya mraba. Alikuwa ameinyanyua juu sana ili visiki vya porini visiiguse. Kazi yangu ilikuwa kushika. "Shika hapa, mwalimu. Usitazame moto." Niliutazama, na kesho yake macho yalinichonyota kutwa nzima, naye akanicheka kutwa nzima.

Kuta tulizijenga kwa mbao za mninga, juu tukaweka bati na turubai la aina iliyozagaa Kasulu tangu kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa. Ndani kilikaa kitanda kimoja cha chuma, kwa kipimo cha Data. Zilibaki nyufa za kuziba. Mtu mwingine angenunua rangi. Sisi tulikua tukinusa nta ikiyeyushwa jikoni kwetu, na Data mwenyewe alikuwa ametutumia bonge zima. Tuliiyeyusha kwenye sufuria, tukaisugua kila kiungo, kuta zote na hata dari, mpaka karakana nzima ikanukia nyumbani. Mwisho Sesilia akatoboa vitundu vichache juu ya mlango, mzee apate hewa.

"Unaukumbuka mzinga wangu?" aliniuliza tukiendelea kusugua.

Niliukumbuka. Utotoni alimsumbua sana Data ampeleke porini, lakini kwetu wasichana walisindikiza hadi mwisho wa mashamba, kisha wakarudi. Siku moja Data, kwa kutaka tu kupumzika, alimwambia: "Chonga wa kwako. Nyuki wakiingia, nitakupeleka." Akachonga gogo kwa panga, akalitundika kwenye mparachichi nyuma ya jiko. Alilichungulia kila asubuhi. Waliohamia ni mijusi.

"Nilikuwa na hamu kweli ya kwenda," alisema. "Mpaka leo ninayo." Kisha akanituma kuni.

Makere ndipo tuliposimama kwanza, kukaza bolti za ndoano. Landrova ilikuwa ya shemeji, mume wa Sesilia, lakini usukani aliushika Sesilia mwenyewe. Barabara ilikuwa vumbi tupu jekundu. Mama mmoja Mkongo aliyekuwa akiuza maandazi alilizunguka tela letu mara mbili.

"Eh, mama! Hii munavuta ni nyumba ao ni motokari?"

"Ni kitanda cha baba yetu," Sesilia akamjibu.

Yule mama akatikisa kichwa, akatuongezea maandazi mawili. "Ya papa. Mungu amusaidie." Hatukuwa tumemweleza lolote zaidi. Kila nikipita Makere humtafuta kwa macho.

Tulivuka daraja la Malagarasi taratibu, tela likitufuata bila kuyumba, na jioni tukaingia Murungu. Data alitoka na fimbo yake. Alipapasa mbao, akainama kunusa, akasema neno moja tu: "Ego." Kwa Kiha, ndiyo hiyo. Mama ndiye aliyezungumza. Alitoa godoro lake mwenyewe, lile zuri la wageni, akatuonya lirudi bila doa.

Asubuhi tulipita mwisho wa mashamba, pale Sesilia alipokuwa akirudishwa zamani. Safari hii alipapita akiwa dereva. Ndani zaidi njia ilikwisha, tukafuata mapengo kati ya miti, tela likipanda visiki na kushuka. Data alikuwa ameketi mbele, anaelekeza kwa kidole. Mara mbili nilimsikia anaimba kwa chini chini.

Tulifika dago mchana. Data aliketi kwenye kigoda chake, nasi tukawasha moto wa chai mbali kidogo. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa na mlango wa tela umefungwa, vumbi lisiingie. Nyuki walianza kuja wachache, wakazungukazunguka vitundu vya hewa. Nikajisogeza. Chai haijachemka, kundi zima likashuka kutoka juu ya miti, likatanda ukutani na kuanza kuingia kwa vile vitundu vya mapafu ya mzee. Tulikuwa tumetengeneza mzinga mkubwa kuliko yote wilayani, tukaupaka ndani nta inayowaita nyuki, tukaukokota hadi katikati ya pori. Watoto wawili wa mrina asali, na hakuna aliyewaza!

Mimi nilikuwa ndani ya Landrova, vioo juu. Sesilia alibaki amesimama, mikono kichwani. Sikuwahi kumwona dada yangu akilia kwa ajili ya kazi, hata siku grenda ilipomkata. Siku ile alilia.

"Nimeharibu, Data. Utalala wapi? Ngoja niwafukuze kwa moshi."

"Hapana."

"Bila kitanda itabidi nikurudishe leo hii. Mizinga hutaifikia."

"Nimesema hapana. Hii nyumba nani kaitengeneza?"

"Mimi na mwalimu."

"Mimi nilishika tu!" nilipaza sauti kupitia ufa wa kioo.

Data alicheka hadi akashika nyonga yake. Kisha akamgeukia Sesilia.

"Nilikwambia nini, siku zile za mzinga wa kwenye mparachichi?"

Sesilia alijifuta uso kwa kanga. "Ulisema nyuki wakiingia utanipeleka."

"Basi wameingia, mwana wanje. Kesho twende."

Jioni ile dada yangu alitoa spana, akafungua mabenchi ya nyuma ya Landrova na kuyaunganisha, akatandika kanga, mablanketi na koti langu la kazini. Data alilala hapo, akakoroma. Sikuwahi kufurahia kukoroma kwa mtu namna ile.

Asubuhi tulikwenda mti kwa mti, Data ameegemea bega la Sesilia, mimi nyuma kabisa nimebeba kigoda. Kwenye kila mti alikichukua kiganja cha dada, chenye makovu yake ya cheche, akakibandika kwenye shina. "Huyu ni Sesilia," aliwaambia nyuki. "Ndiye atakayekuja." Kwenye mti wa mwisho akaongeza: "Na yule mwoga kule nyuma ni mdogo wake. Msimsumbue."

Nilishukuru, na bado nashukuru. Niliondolewa mzigo nisiouweza bila mtu kunionea aibu. Nilimwona baba yangu akipumzika, na dada yangu akipewa alichokitaka tangu utotoni. Nilijifunza pia kwamba ahadi aliyoitoa Data kwa kutaka kupumzika tu, wote wawili walikuwa wameitunza miaka yote.

Murungu tulirudi jioni, Landrova nyepesi, nyuma yetu vumbi tu. Tela tuliliacha palepale, magurudumu yamewekewa mawe. Mama alitoka jikoni, akatazama nyuma ya gari, akatazama tena.

"Na godoro langu?"

"Mwulize mwenye mizinga," Data alisema.

Mama akanigeukia mimi. Data akamshika bega na kumgeuza taratibu, mpaka akawa anatazamana na Sesilia.