Mkono wa Kulia wa Baba

Baba yangu alianguka akinipiga. Sisemi "baada ya kuugua kwa muda mrefu," maneno ya kwenye matangazo ya vifo. Alikuwa mzima kabisa, mkononi ana mkanda wa mashine aliotoka nao kiwandani siku walipopunguzwa kazi, na alikwisha kunichapa nao mara nne mgongoni. Pigo la tano halikufika.

Kosa langu lilikuwa chai isiyo na sukari. Miaka ile maduka ya Morogoro yalijaa sukari mpaka magunia yanapangwa nje barazani, si kama zamani tulipokuwa tukipanga foleni tangu alfajiri kwa kilo moja. Soko huria, tukaambiwa. Kiwanda cha baba kikapewa mwekezaji, mwekezaji akafunga geti, baba akarudi nyumbani. Alijaribu kuchuuza mchele wa Dakawa, ukamshinda. Akaenda Dumila kununua nyanya, zikamwozea njiani. Kitu pekee kwetu kilichokuwa na kazi kila siku bila likizo ni mkono wake wa kulia. Mama alikuwa na jino moja pungufu kwa sababu ya mkono ule, na mimi sikio langu moja lilikuwa likivuma mvua inyeshe isinyeshe.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa mama alifanya nini. Sisi Waluguru, ukoo na ardhi vinapita kwa mama. Nyumba yetu ilikuwa chini ya mlima, kwenye shamba la ukoo wa mama. Baba alikuja kuoa pale na begi la nguo, na siku ndoa ikivunjika anayeondoka ni yeye, arudi kwa ndugu zake kule juu mlimani. Wajomba zangu walikwisha kukubali aondoke. Ilikuwa kungoja wiki iishe tu.

Basi asubuhi ile mama alitoka jikoni na mwiko wa ugali, akapiga kelele iliyosikika hadi barabarani: "Mkono huo na ukauke! Mungu aukaushe!" Baba akaniacha, akamgeukia yeye. Akainua mkanda. Mkanda ukamponyoka. Akautazama mkono wake kama mtu anayeangalia mkono wa jirani, mdomo ukaenda upande, mguu ukalegea, akaangukia karai la vyombo.

Nilifurahi. Naandika hivi nikiwa mtu mzima mwenye watoto: nilifurahi mpaka nikacheka. Mama ndiye aliyepiga ukunga.

Shangazi zangu wawili, dada zake baba, waliteremka kutoka mlimani jioni ile ile, na mganga. Habari za laana ziliwafikia kabla ya habari za ugonjwa. Shangazi mkubwa hakusalimia. Alimshika mama nywele, akamwangusha, akamkalia kifuani: "Mchawi wewe! Umemkausha kaka yetu umkalie shamba!" Shamba lenyewe la mama, lakini nani wa kubishana na mtu aliyekukalia kifuani? Nikamrukia, nikamng'ata bega. Nilimng'ata kweli, mpaka nikaonja chumvi.

Siku tatu walikaa naye ndani. Mganga alisema ni jini limemkamata upande mmoja, na jini hutolewa kwa fimbo. Akawa anauchapa mkono ule kwa fimbo za mkwaju, akauchanja kwa wembe, akasugua dawa nyeusi, na baba halalamiki, kwa sababu hasikii. "Mnaona? Jini linajifanya halipo," anasema mganga. Shangazi nao wanamnywesha uji kwa nguvu huku mmoja kambana pua, uji unakwenda kusikotakiwa, baba anapaliwa, macho yanamtoka. Leo nikikumbuka siku zile tatu natamani kuvunja kitu. Siku ile sikutamani. Nilikuwa nimekaa mlangoni nahesabu fimbo, na hesabu ilinipendeza.

Siku ya nne baba alikuwa na homa na kifua kinakoroma. Mama akaingia na panga. Hakulinyanyua hata, alilishika tu, akamwambia mganga, "Toka, kabla sijasahau kwamba mimi ni mwanamke." Mganga akatorokea dirishani, na mkoba wake akauacha. Tukampakia baba kwenye mkokoteni wa kubebea maji, mama anavuta, mimi nasukuma, shangazi nyuma wanatutupia mawe na matusi mpaka njia panda.

Hospitalini daktari alimpima presha, akapima tena. Baba hakuwahi kupimwa presha maisha yake yote. "Si jini, mama," akasema. "Ni kiharusi. Kuna mshipa kichwani, ama umeziba ama umepasuka. Mashine ya kupiga picha kichwa iko Dar es Salaam, na huyu hata akifika barabara kuu ni bahati. Kwa hiyo tutakisia." Akakataza asipewe chochote mdomoni mpaka wampime kama anaweza kumeza. Mama akauliza kama mkono utarudi. Daktari akasema mkono huwa wa mwisho, na mara nyingine haurudi kabisa.

Ndipo akaja mjomba wake baba, mkubwa wa ukoo wao, mzee mkavu wa maneno. Tulimwamkia shikamoo, akamwitikia mama peke yake. Alikaa kitandani pa baba, akaunyanyua ule mkono, akauachia, ukaanguka. Kisha akamwambia mama: ukoo wake haupokei mtu nusu. Mume akiugua mikononi mwa mke haondoki mpaka apone, mila haikubali. Na mkono huu ukifa, watu wa mlimani watajua nani kauua, na yeye hatawazuia. Kila mtu pale alijua maana yake. Mwaka uliopita bibi mmoja wa kijiji cha jirani alichomewa nyumba kwa maneno machache kuliko hayo.

Kwa hiyo hesabu ya mama ilikuwa hii: ili aachane na ule mkono, ilibidi kwanza auponye.

Tulirudi naye nyumbani baada ya wiki kadhaa. Dada mmoja wa mazoezi pale hospitalini alitufundisha: kumgeuza kila baada ya muda, kumkalisha, kufungua vidole kimoja kimoja, kumpa punje za mahindi azitoe kwenye bakuli hili azitie kwenye lile. Kila siku, na kurudia mpaka mchoke, kisha mrudie tena. Mama alilishika somo lile kama mtu anayesomea cheo. Mimi nilimwambia, "Mama, usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe." Akanitupia bakuli la mahindi.

Na hapa ninalo langu la kutubu. Yule dada alituambia maji ya kukanda yajaribiwe kwanza kwa kiwiko, kwa sababu mgonjwa hasikii moto upande ule. Siku moja mama kaenda sokoni, nikayatoa maji jikoni yakitokota, nikachovya kitambaa kwa koleo, nikakiweka juu ya mkono wa baba. Sikusahau kujaribu. Nilijua. Nilitaka kuona. Ngozi ilipanda malengelenge makubwa, naye ananitazama tu, hajui nafanya nini, tena akanitabasamia kwa upande mmoja, maana alidhani namhudumia. Mama aliporudi akauona, ndiye aliyelia, kisha akanipiga kwa ufagio, kwa mpini, kwa kiatu, kwa chochote kilichokuwa karibu, hadi majirani wakaja kumshika. "Unataka wanichome?" alikuwa anapiga kelele. "Unataka wanichome mimi?" Sikukimbia. Nilistahili.

Ulimi wa baba ulirudi kwanza, na ulirudi na matusi. Kisha akagundua kwamba mkono wa kushoto ni mzima. Loo! Siku hiyo kikombe cha bati kilimpata mama kwenye paji la uso. Kesho yake kata ya maji. Kesho kutwa akamshika mama kanga shingoni akiwa ameinama kumvisha suruali, akavuta, na kama nisingemfinya baba shingo sijui ingekuwaje. Mama alikaa chini akihema. Kisha akainuka, akachukua kanga kuukuu, akaufunga ule mkono wa kushoto mbavuni mwa baba, akaukaza fundo mgongoni. "Haya," akasema. "Utakula na huo mwingine, au ulale njaa."

Alilala njaa siku mbili. Alitukana ukoo wetu tangu wa kwanza kuzaliwa. Siku ya tatu nilimwona akiusukuma mkono wa kulia kwenye sahani kwa bega, kama mtu anayesukuma gunia, kidole cha shahada kikaingia kwenye ugali. Ugali ukaanguka. Akalia. Akajaribu tena. Mama alimfungua wakati wa kulala tu, asubuhi anafunga. Miezi ikapita hivyo. Kidole kikafuatwa na gumba, gumba likafuatwa na ngumi, na mimi ngumi ile nilipoiona inafumba na kufumbua, nikaenda kutapika nje.

Leo kazi yangu ndiyo hiyo hiyo, mazoezi ya viungo. Nilipokuwa chuoni mkufunzi mmoja alituletea habari ya njia mpya: kuufunga mkono ulio mzima wa mgonjwa wa kiharusi, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi na kichwa kijifunze upya. Alieleza kwa heshima kubwa, kwamba wataalamu wa nje wameipima na kuithibitisha. Wenzangu wakaandika. Mimi nilicheka mpaka nikatolewa darasani. Siku hizi mgonjwa akiwahi anapigwa picha ya kichwa, ikionekana mshipa umeziba na saa nyingi hazijapita, ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na wapo wanaorudi nyumbani kwa miguu yao. Nafurahi, namshukuru Mungu. Lakini kila nikimfundisha mwanamume kufumba ngumi, namwangalia mkewe usoni. Nikiona nilichokiona kwa mama, namvuta pembeni, namuuliza swali ambalo halimo kwenye fomu.

Kofi lilikuja asubuhi, wakati wa uji. Mama alikuwa amechelewa kumfunga. Uji ulikuwa wa moto, baba akaukataa, mama akasema, "Puliza basi." Sikuona mkono ukiinuka, nilisikia mlio tu. Mama aliyumba, akashika ukuta. Akajigusa shavu la kushoto. Akautazama mkono wa baba, wa kulia, bado uko hewani, vidole vimenyooka vyote vitano.

Akapiga vigelegele.

Nilidhani amerukwa na akili. Akatoka uani anapiga vigelegele, majirani wanamiminika, naye anawageuzia shavu. "Tazameni! Vidole vinne hivi hapa, hesabuni! Shavu la kushoto! Hili hupigwa kwa mkono gani?" Mmoja akasema pole. "Pole ya nini?" mama akamkaripia. "Nipe hongera!" Hakutaka kunawa uso. Alijitanda kanga, akapanda mlima na shavu lake vile vile, saa nne za kupanda, na jioni akashuka na mjomba wa baba na shangazi wote wawili.

Mzee alimwambia baba, "Nipe mkono." Baba akampa wa kulia. "Minya." Baba akaminya, mzee akakunja uso, akauchomoa mkono wake taratibu akausugua. Akamwambia mama, "Mwanangu, jina lako ni safi. Hakuna atakayekugusa." Shangazi mkubwa, yule mwenye alama ya meno yangu begani, akapiga magoti kabisa, akamshika mama miguu. "Wifi, Mungu akulipe. Mmeteseka pamoja, sasa mtakaa kwa raha."

"Tutakaa?" mama akauliza. Aliingia ndani akatoka na begi la nguo, limefungwa tayari. Akaliweka miguuni pa mzee. "Sikumuuguza nikae naye. Nilimuuguza niweze kumwacha. Mchukueni."

Shangazi akaanza, "Lakini kofi moja tu, wifi, mwanamume akishapona..." Mzee akamwinulia kidole anyamaze. Mila ni mila, nayo alikuwa ameitaja yeye mwenyewe.

Baba hakutukana. Alisimama kwa fimbo, akafika mlangoni nilipokuwa mimi, mtoto wake niliyemchoma na kumlisha. Akanyoosha mkono wa kulia kuelekea kichwani kwangu, taratibu, vidole vimefunguka.

Mpaka leo sijui alitaka kunibariki au kunizaba. Nilikwisha kukwepa.