Kaburi la Yule wa Afrika

Nilianza kumtafuta babu yangu mzaa baba ili nimtukane. Watu niliowakuta katika jumba la kumbukumbu za vizazi na vifo pale London walikuwa wakitafuta asili zao kwa upendo. Walikuja na chai katika chupa, na picha za harusi za zamani ndani ya bahasha, na wakipata walichokitaka walitokwa na machozi. Mimi nilikuja na kisasi tu. Kisasi hakina uzito, unaweza kusafiri nacho ndani ya treni tangu Walthamstow na hakuna anayekuambia usogeze mzigo.

Nilikuwa msichana mwenye haya. Sauti yangu haikuvuka meza. Kanisani, mama mdogo wangu aliyenipokea London alikuwa akinisemea hata jina. Watu wakadhani sina neno moyoni. Hawakujua kwamba haya haiui hasira, inaifunika tu, kama sufuria iliyofunikwa inavyotunza joto.

Babu alikuwa fundi wa matrekta Nachingwea, wakati Waingereza walipokuja kung'oa pori ili walime karanga. Karanga hazikukubali. Bibi yangu aliwafulia mafundi nguo, na huyo mmoja akamzalisha. Mashamba yalipokufa, mafundi walipanda lori kwenda bandarini, na bibi alisimama kando ya barabara, baba yangu akiwa mgongoni mwake. Babu alimwambia anakwenda kuchukua spea, atarudi nazo. Trekta alilokuwa akilitengeneza lilibaki palepale likaota kutu, mti ukaota katikati yake, na bibi akaendelea kulifuta vumbi mpaka ndugu zake walipomkataza.

Baba akakua akiitwa Ganda la Karanga. Wenzake walimwuliza, Ganda, punje yako iko wapi? Siku ya kutoka jandoni kila kijana alipokelewa na baba yake kwa nguo mpya. Yeye alipokelewa na mjomba, na mjomba alichelewa, kwa hiyo alisimama peke yake mbele ya watu wote na ngozi yake ile nyeupe-nyekundu. Alinisimulia mara moja tu, akiwa amenipa mgongo.

Nilipopata safari, hakunituma kitu chochote ila hili.

"Ukimkuta hai, mwambie nipo. Ukimkuta amekufa, mwambie vilevile, mbele ya watu wake."

Kwetu jambo hilo lina njia yake. Mjukuu ni mtani wa babu. Msibani, wengine wakiwa wanalia, wajukuu wanalala mbele ya jeneza wakatae lisipite, wanaigiza kikohozi cha marehemu, wanautaja ubahili wake na wanawake zake, na hakuna mwenye haki ya kukasirika. Hata mjukuu asiyeweza kumsalimia mgeni siku hiyo anapewa mdomo. Babu yangu alikufa, kama alikuwa amekufa, bila mtani hata mmoja. Nilitaka nimlipe deni hilo.

Nilichokuwa nacho ni kile bibi alichokijua. Alijua jina lake kamili. Alijua kwamba ukimwita Mwingereza alirusha spana, kwa sababu alikuwa Mwelisi, yaani wa asili ya Wales, nchi jirani na Uingereza, ingawa alizaliwa London. Na alijua kwamba baba yake alikuwa akiuza maziwa mjini humo. Bibi aliamini mtu mwenye ng'ombe katikati ya mji hawezi kupotea.

Lakini Wawelisi wamegawana majina machache. Siku hizo vitabu vya orodha vilikuwa vikubwa na vizito, vyekundu vya waliozaliwa, vya kijani vya waliooana, vyeusi vya waliokufa, na kila nilipofungua nilikuta jina la babu limejaa ukurasa mzima kama mchwa. Nikaja kujifunza kwamba wauza maziwa wengi wa London ya zamani walikuwa Wawelisi, kwa hiyo hata maziwa ya bibi hayakunisaidia kama nilivyotumaini.

Mahali pengine palipotunza karatasi za zamani hawakuruhusu kalamu ya wino, penseli tu. Hilo halikunisumbua, maana nilisoma shule ya msingi tu na penseli ndiyo niliyoizoea. Lakini naandika polepole, herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anayepanda mbegu. Waliokaa nami meza moja walijaza kurasa, wakaenda kula, wakarudi, na mimi bado nilikuwa namnakili marehemu yuleyule. Sikuwaonea wivu. Kila herufi niliiandika nikijua nitamwambia nini mwenyewe.

Mama mdogo, aliyekuwa akifanya usafi wa maofisi asubuhi na jioni, aliniona nimechanganyikiwa.

"Wenzio wanatafuta nyumba, wewe unatafuta maiti," alisema. "Na ukimpata utamweka wapi? Chumba chenyewe tumebanana."

Nilimpata. Jina ni lile, baba yake muuza maziwa, umri unaelekea ule wa babu, naye mwenyewe kazi yake kuuza maziwa. Nikasema moyoni, bila shaka alirudi akarithi biashara ya baba yake, akakaa akila siagi huku bibi akifuta vumbi trekta. Makaburi yenyewe yalikuwa ng'ambo ya pili ya mji. Tulikwenda Jumapili ya Matawi baada ya ibada, mama mdogo bado ameshika tawi lake mkononi, amevaa kitenge chini ya koti la baridi.

Jiwe lilikuwa jeusi, limeandikwa kwa Kiwelisi, safi kuliko meza yetu ya chakula. Nililitazama kwa muda mrefu. Mama mdogo, ambaye ni wa upande wa mama na hakuwa na haki ya kutania kaburi lile, alisogea kando akanishikia pochi. Nikalala chali juu ya kaburi, kwa koti langu zuri, nikapanua mikono.

"Babu, hapiti mtu hapa," nilisema. Sauti ilitoka kubwa, sijui ilitoka wapi. "Amka basi. Spea umezipata? Trekta linakungoja. Fulana zako zimeshakauka, njoo uzianue. Umekwenda dukani miaka yote hii, duka gani hilo babu, la peponi?"

Mama mdogo alicheka mpaka akakaa kwenye kaburi la jirani.

"Mwambie na nywele zake," alisema, "maana Ganda kamrithi upara."

Nilimwambia na upara. Nilimwambia kuhusu jando, na mjomba aliyechelewa. Nilimwambia bibi alikufa akiliita jina lake kwa matamshi yasiyo sahihi kwa sababu hakukaa hata amfundishe. Nilikuwa bado sijafika nusu nilipoona viatu vya mpira karibu na kichwa changu.

Alikuwa mwanamke mzungu wa makamo, ameshika ndoo ya maji, brashi, na fungu la maua ya njano. Baadaye nilielewa kwamba Wawelisi wengi siku ile husugua makaburi ya watu wao na kuyavika maua. Alikuja kumsugua baba yake. Nami nilikuwa juu ya baba yake.

Niliinuka. Haya yangu yote ikanirudia kwa pamoja, nikashindwa hata kuomba radhi. Mama mdogo ndiye aliyesema, kwa Kiingereza chake cha kazini, kwamba huyu ni mjukuu na anazungumza na babu yake. Yule mwanamke aliweka ndoo chini. Hakukasirika, alishangaa tu. Alisema baba yake hakuwahi kukanyaga Afrika, hakuwahi kukanyaga popote, alilala mapema na kuamka kabla ndege hawajaanza kuimba ili watu wapate maziwa, hata wakati wa mabomu. Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimemtukana mwenye haki, tena kwa ufasaha.

Kisha akaniuliza kama babu yangu alikuwa akitengeneza matrekta huko Afrika, maana katika matusi yangu alilitambua neno trekta.

Kumbe kanisani kwao wanaume wenye jina lile walikuwa watatu, na kwa kuwa hakuna awezaye kuishi na majina matatu yanayofanana, kila mmoja alipewa alama. Baba yake aliitwa wa Maziwa. Wa pili aliitwa wa Benki. Wa tatu, ambaye baba yake pia aliuza maziwa lakini yeye akachagua mashine, walimwita wa Afrika.

Alitupeleka. Haikuwa mbali, mstari wa tatu kutoka pale. Jiwe lake lilikuwa jipya zaidi, la kijivu, na maandishi yaliishia nusu. Chini palikuwa wazi. Nikauliza kwa nini. Yule mwanamke akasema nafasi ile ni ya mkewe, bado yu hai, anakaa Harrow, kila Jumapili yupo kanisani.

"Maskini, hawakujaliwa mtoto," alisema.

Sikulala juu ya jiwe lile. Nguvu yangu niliimaliza kwa yule wa Maziwa, na isitoshe nilikuwa nimepata kitu kizuri zaidi ya jiwe. Baba alisema mbele ya watu wake. Sasa nilijua watu wake wanakaa wapi, na saa ngapi.

Jumapili ya Pasaka nilikwenda kanisani kwao peke yangu, na picha ya baba ndani ya Biblia. Waliimba kwa sauti nne bila kutazama kitabu, sikuelewa neno, na nilichukia kwamba palikuwa pazuri. Baada ya ibada walishuka ukumbini kunywa chai. Na pale wakanifanyia jambo ambalo nilidhani hufanywa na wazee wa Nachingwea tu. Hawakuniuliza nafanya kazi gani wala nimekuja lini. Walitaka kujua mimi ni wa nani. Huyu aliuliza, kisha akanikabidhi kwa yule, mpaka nikafika kwenye kiti cha bibi kikongwe mwenye umbo dogo na kofia ya buluu, kikombe magotini. Yule mwanamke wa ndoo alikuwa nyuma yake, akinitazama kwa macho ya kunisihi nisiseme. Nikajua kikongwe huyu ndiye mjane wa babu.

"Na wewe, binti, ni wa nani?" aliuliza kikongwe.

"Ni mjukuu wa yule wa Afrika," nilisema.

Vijiko vilinyamaza. Nilikuwa nimetamani wakati huo tangu utotoni na nilitaka waumie kama tulivyoumia sisi. Nilimtolea picha. Baba amesimama mbele ya nyumba yetu, ana upara, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama mtu anayesikiliza injini. Kikongwe aliishika mbali na macho, kisha karibu.

Aliniuliza baba yangu alizaliwa lini, kama ni mwanzo wa mashamba au mwishoni. Nikamwambia mwishoni, babu alipokuwa amekaa misimu kadhaa. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayejumlisha. Kisha akazungumza, na hakupunguza sauti ingawa watu wote walikuwa wakisikiliza. Mumewe alimwambia, tangu siku ya uchumba, kwamba homa ilimpiga mwezi wa kwanza alipofika Afrika na kumwacha hawezi kuzaa. Mke alipotaka kwenda naye kwa daktari, mume alilia. Mke alipotaka kulea mtoto wa kuasili, mume alisema itamkumbusha unyonge wake. Basi mke akamhurumia. Wanawake wa ukumbi ule ule walimnong'ona yeye kuwa ndiye mgumba, na alikubali kunong'onwa ili kumlinda.

"Nilimfungia kamba za viatu kwa huruma," alisema.

Nilikuja kuumiza mtu na nilikuwa nimefaulu, lakini aliyeumia si yule niliyemkusudia. Nilianza kusema pole. Aliinua mkono kunizuia, akamwita mtu alete karatasi.

"Andika jina la baba yako," alisema. "Na mahali alipozaliwa. Lile jiwe lina nafasi."

Mwanamke wa ndoo aliinama akamkumbusha kwa upole kwamba nafasi ile ni yake mwenyewe, ya kulala na mumewe.

"Silali naye," alisema kikongwe. "Kaburi ni langu, karatasi zake ninazo. Mimi mnichome, mnipeleke kwa mama yangu Welisi. Yeye alale na alichokificha, na kila atakayekuja kumwekea ua akisome."

Niliandika. Mkono wangu si wa haraka, na safari hii nilizidi kwenda polepole, kwa sababu kosa kwenye karatasi hufutwa lakini kwenye jiwe halifutiki. Watu walisimama na vikombe vyao vinapoa. Hakuna aliyethubutu kuondoka. Wale waliomnong'ona walikuwa mbele yangu, wazee sasa, na kikongwe alikuwa akiwatazama mmoja mmoja huku penseli yangu ikikwaruza. Nadhani aliifurahia kila herufi kuliko mimi.

Fundi wa mawe alimaliza kiangazi kilipoanza. Tulikwenda pamoja, kikongwe na mimi na mama mdogo. Mstari mpya ulikuwa unang'aa, ule wa zamani umefifia. Uliandikwa Baba wa, halafu jina la baba yangu, halafu Nachingwea, Tanganyika. Kikongwe alisoma mara moja, akasema inatosha, akageuka kurudi kwenye gari bila kuweka ua.

Jumamosi ile nilimpigia baba kupitia simu ya posta, alikokuwa ameitwa kungoja. Nikamweleza kila kitu, na kwa mara ya kwanza maishani sikukatizwa. Upande wa pili palikuwa na kelele za watu waliongoja zamu yao. Nilipomaliza, nikamsikia akiwaomba wapunguze sauti.

"Hizo herufi zangu," aliuliza, "ni kubwa kama zake?"

"Ni kubwa zaidi, baba. Mkewe mwenyewe ndiye aliyetaka."

Nikamsikia akigeuka, akiwaambia watu wa posta kwamba jina lake limeandikwa kwenye jiwe la baba yake.