Niliziita Takataka Kabureta za Marehemu

Mimi ni mwongo, tena mwongo mjinga. Naanzia hapo, usije ukanionea huruma kabla hujanijua.

Naishi Gisenyi, nimekulia Kigoma, nafanya kazi ya ofisi. Nina gari la michezo la Kijapani, la zamani, la milango miwili na pua ndefu. Usidhani naliendesha! Linakaa uani juu ya mawe, kuku wanataga chini yake. Lilikosa kabureta zake mbili za asili. Nilizolifungia zilikuwa za kuiga, na injini ilikohoa hata majirani wakanipa pole.

Na bado nilijiita mtaalamu! Jumapili wanaume wazima walikuja kunitazama nikigeuza vipande vya chuma. "Hii original. Hii copie." Basi! Wanatikisa vichwa kama wapo ibadani. Niliwadharau wote. Mmoja aliyefunga taa ya kuiga nilimcheka mbele ya mke wake.

Sasa sikia. Mke wangu ana dada wa ukoo kule Goma, Mama Aline. Mumewe alikuwa fundi wa magari, akafariki. Jumapili moja Mama Aline akavuka barriere ya mpakani na furushi la kitenge. Mke wangu akamleta uani, anatabasamu.

"Yaya, dada yangu, muonyeshe shemeji yako. Hii mambo anaijuaka kupita wote."

Akafungua furushi. Kabureta mbili!

Nikazigeuza taratibu, uso mkavu. Jina la kiwanda lilikuwa limetokeza kwenye chuma chenyewe, si la kubandika. Namba ziligongwa moja moja, hazikunyooka sawasawa, kama zinavyotakiwa. Kila skrubu ilikuwa na kile kinukta kidogo kichwani ambacho wenye kuiga hawajisumbui kukiweka. Ndizo! Nilizitafuta miaka.

"Bwana yangu aliniambiaka," Mama Aline akasema, "siku mi sitakuwako, usiuzishe hii ku mutu wa njia. Tafuta mutu mwenye anajua. Hii ndiyo akiba ya watoto."

Mtu mwenye anajua! Ndiye mimi huyo. Na unajua nilichowaza? Nikikubali ni za asili, atataka bei ya haki. Nikizikataa, atakata tamaa, halafu nitamtuma mtu akazichukue kwa bei ya chuma chakavu.

Nikazirudisha kwenye kitenge kama mtu anayetupa maganda.

"Copie," nikasema. "Tena copie mbaya. Marehemu aliuziwa takataka."

Wanaume wangu wakacheka. Mmoja akasema, "Hata kwa macho inaonekana!" Mpumbavu. Hakuwahi kuona kabureta za namna hiyo maishani mwake.

Mama Aline hakulia. Aliuliza tu, polepole, "Donc, kumbe alikuwa ananidanganya?"

"Au hakujua kazi yake," nikajibu.

Hilo la pili hakuna aliyeniuliza! Nililiongeza mwenyewe, bure, kwa raha ya kusikika.

Siku chache baadaye nikamtuma rafiki yangu Goma. Akarudi mikono mitupu, akanisimulia mke wangu akiwa hapo hapo. Mama Aline alikuwa amezipeleka kwa wale wanaoyeyusha aluminiamu na kumimina sufuria. Wakampa sufuria moja. Na picha ya marehemu ameitoa ukutani. Amewaambia watoto baba yao alikuwa mutu wa maneno tu.

Ayiwe! Nilishika kichwa, nikapiga kelele, "Zimeyeyushwa? Zote mbili?"

Nilizililia kabureta kwanza. Marehemu nilimkumbuka baadaye. Nidharau kwa hilo, nimestahili.

Mke wangu akanigeukia. "Kama ni takataka, unalilia nini?"

Nikaachia kichwa, nikainamisha macho.

"Ulijua," akasema. "Mi ndiye nilimuleta kwako, na ulijua!"

Kesho yake nikavuka. Nilimkuta Mama Aline jikoni anapika maharage. Nikasema nikiwa nimesimama mlangoni: zilikuwa za kweli, marehemu alijua kazi yake, mimi nilisema uongo ili nizipate kwa bei ya bure.

Hakuniangalia. Akaita watoto, wakaja wote watatu.

"Rudia," akasema. "Na jina ya baba yao uitaje."

Nikarudia. Aline, yule mkubwa, alinitazama viatu muda wote.

"Sasa wende," mama yake akasema. "Sitakutukana. Tusi ni ya mutu, na we hauko mutu."

Nikaondoka. Nyumbani mke wangu anaongea nami habari za chumvi na maji tu. Jumapili iliyofuata niliwaeleza wanaume wangu kila kitu. Mmoja akasikitika kweli kweli: "Pole sana, ungewahi kidogo ungezipata!" Niliwafukuza wote. Nilitamani kumtemea mate, nikakumbuka ni mimi niliyemfundisha.

Wewe unayeitwa mtaalamu, wa magari, wa saa, wa chochote: mjane akikuwekea mbele kitu cha mumewe, haulizi bei peke yake. Anauliza kama miaka yote ile aliishi na mtu mkweli. Ukiona uroho unakupanda, sema hujui, aende kwa mwingine. Mimi nilimzika mume wa mtu mara ya pili, watu wakicheka, na watoto wake wakaamini.