Miaka 19 akitengeneza chambo cha trauti, mama mkwe ndiye aliyempeleka mtoni

Saa mbili asubuhi, Mama Manyoya anavuta kiti, anafuta miwani kwa upindo wa gauni na kubana ndoana kwenye jiriwa ndogo iliyofungwa ukingoni mwa meza. Ndoana yenyewe haizidi punje ya mchele. Anaizungushia uzi mara saba, anaweka unyoya mmoja wa shingo ya jogoo, anaufunga, anakata na kudondosha tone la vanishi. Dakika nne hazijaisha, na mezani ametua mdudu ambaye ukimwona kwa haraka utampiga kofi.

“Juzi mgeni aliingia hapa akaua wawili kwa gazeti,” anasema, mabega yakimtikisika kwa kicheko. “Sikukasirika hata kidogo. Nilijua kazi imekubali.”

Mdudu huyo ni chambo. Trauti ni samaki wa mito baridi ya milimani, na wavuvi wake hawatumii nyavu wala minyoo. Humrushia kidude cha manyoya kinachofanana na wadudu anaowala. Mvuvi hata awe hodari namna gani, fundi akikosea, atarudi nyumbani na kapu jepesi.

Karakana yao iko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Ni chumba kimoja chenye dirisha kubwa, meza sita na wanawake sita. Kuna makopo ya uzi wa kila rangi, na mifuko ya manyoya ambayo upepo ukiingia ghafla wote huinuka kwa pamoja kuifunika kwa mikono.

Mama Manyoya ana miaka 41 na watoto watatu. Zamani alikuwa msusi. Mwenye karakana, mama mmoja mkavu wa maneno, alikwenda kusukwa, akatazama vile vidole kwenye kioo kwa saa nzima, na alipoinuka akamwambia, “Kesho njoo kwangu. Nywele zitakupa maumivu ya mgongo, hazitakupa mshahara.” Leo anafunga chambo dazeni nane kwa siku, na malipo ya kila dazeni yanatosha mikate miwili na pakiti ya maziwa.

“Kazi hii imenisomeshea watoto wawili, na wa tatu bado yuko shuleni,” anasema. “Ningeitukana ningekuwa mchawi.”

Lakini kwa miaka 19 hakuwahi kumwona trauti akiwa hai. Alifuata sampuli zilizobandikwa kwenye kadi ukutani, basi. Mto uko mwendo wa saa mbili kwa gari, na yeye Jumapili ana nguo za kufua.

Nyumbani wanaishi na mama mkwe wake, mwenye miaka 68, aliyefanya kazi miaka thelathini kwenye nyumba ya wageni iliyo kando ya mto. Alifua mashuka, akapika, na mchana akawapelekea wavuvi chakula kule kule majini. Wawili hao walikaa kwa heshima, lakini heshima ya mbali. Mama mkwe alimwita “mke wa fundi”, kwa kuwa mwanawe ni fundi bomba, na kazi ya mkwewe aliiita kuchezea kuku.

“Hakunitukana hata siku moja,” anasema Mama Manyoya. “Ila ukisalimiwa kila asubuhi kama mpangaji, unajua umewekwa wapi.”

Mwaka jana, wiki mbili baada ya msimu wa uvuvi kufunguliwa, mteja wao mkubwa alirudisha boksi zima: dazeni arobaini. Barua iliyokuja nalo ilikuwa fupi. Chambo kilikuwa kikimnasa trauti wa upinde, yule mwenye mstari wa waridi ubavuni, lakini trauti wa kahawia, mwenye madoa meusi na mekundu, alikuwa akipanda juu, anakitazama, kisha anarudi zake chini. Wavuvi wake wengi wanamtaka huyo wa kahawia. Wasipomnasa, yeye mteja atatafuta mafundi wengine.

Mwenye karakana aliwasomea barua akiwa amesimama. “Huyu akiondoka, nafunga mlango,” aliwaambia. “Siwatishi. Nawaambia mapema ili msije mkasema sikuwaambia.”

Chambo kile kilikuwa cha Mama Manyoya. Jioni hiyo alikwenda nacho nyumbani kikiwa ndani ya kiberiti, akakiweka kwenye meza ya chakula na kukitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyefeli. Mama mkwe alipita na sufuria, akasimama, akaweka sufuria chini.

“Hiki kakitengeneza nani?”

“Mimi, mama.”

Bibi alikigeuza kwenye kiganja. “Mdudu huyu ameshiba kuliko sisi,” alisema. “Anang’aa kama yuko harusini. Wewe umewahi kumwona anayekila?”

“Hapana, mama.”

“Miaka yote hii unampikia mgeni ambaye hujui hata anapenda chumvi kiasi gani?”

Mama Manyoya anasema aliposikia hivyo machozi yalimlengalenga, akidhani anasimangwa. Bibi alikuwa ameshageuka kutafuta viatu vya mpira vya marehemu mumewe. “Jumapili nguo zitafuliwa na aliyezichafua,” alitangaza kwa sauti ya kufika hadi chumba cha wajukuu. “Mimi na mke wa fundi tuna safari.”

Walifika mtoni saa tatu asubuhi. Mlinzi wa mto, mwanamume wa makamo aliyewahi kula sana kutoka kwenye vikapu vya bibi, aliwaandikia kibali na kuwaazima ufito wa kuvulia. Bibi alikunja gauni, akaingia majini hadi magotini. Mkwewe akabaki ukingoni, akivuta gauni lake chini kwa aibu.

“Kunja wewe,” bibi alimwambia. “Samaki hawasengenyi.”

Hapo ndipo alipojua kwamba mama mkwe wake ni mvuvi. Wavuvi waliposinzia baada ya chakula, alikuwa akiokota fito zao na kujifunza, mwaka baada ya mwaka, bila kumwambia mtu nyumbani.

Bibi alirusha chambo kile kilichorudishwa kwenye maji ya kasi. Mara ya nne mshipi ukakaza, na trauti wa upinde akaruka hewani. “Huyu namwita bi harusi,” alisema akimvuta. “Anapenda kung’aa, na anapenda kutazamwa. Ukimwitia ngoma tu amekuja.”

Kisha akaonyesha kivuli kirefu chini ya ukingo, palipotulia maji. “Yule kule, wa kahawia, namwita mkwe. Ukimwendea kwa kishindo humpati. Ukimpa kitu kisicho cha kweli, atakitazama kwa adabu, halafu ataondoka.”

Walimjaribu kwa saa mbili. Alipanda, akatazama, akashuka. Bibi akainama na kugeuza jiwe ndani ya maji. Chini yake walishikilia wadudu wadogo, wembamba, rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kupikwa. Hawakuwa na chochote kinachong’aa.

“Nilijisikia mjinga,” Mama Manyoya anakumbuka, “na papo hapo nikafurahi, maana ujinga wenyewe ulikuwa na dawa.”

Alikaa juu ya jiwe, akatoa vifaa alivyokuja navyo, akashika ndoana tupu kwa koleo, na kuanza kufunga. Hakuwa na uzi wa rangi ile. Bibi alitazama huku na huku, akavuta uzi kwenye mkono wa sweta lake kuukuu, akaukata kwa meno. “Chukua,” alisema. “Limeshachoka hili.”

Chambo kilichotoka kilikuwa chembamba, kibaya kwa macho, nusu ya ukubwa wa kile cha zamani. Bibi alipiga magoti ili kivuli chake kisifike majini, akakiachia kielee chenyewe. Kilipofika chini ya ukingo, maji yalitikisika kidogo tu, kama mtu aliyemeza mate.

Walipomvuta na kumpima yule wa kahawia, alikuwa na urefu wa sentimita 43. Sheria ya mto ule inataka wa kahawia arudishwe, kwa hiyo Mama Manyoya alimshika ndani ya maji kwa mikono miwili hadi alipopata nguvu na kuondoka. Mlinzi alikuja mbio kuuliza wametumia chambo gani.

“Muulize mwanangu huyu,” bibi alijibu, akikunja mshipi. “Ndiye fundi.”

Mama Manyoya akifika hapa katika kusimulia, anaacha kazi, anavua miwani. “Hilo ‘mwanangu’ alilisema kama vile amekuwa akilisema siku zote,” anasema. “Nilijifanya nanawa uso.”

Wanawake sita walifunga upya dazeni arobaini kwa siku mbili. Mteja alizipokea, na baada ya mwezi akaagiza mara mbili yake. Bibi sasa huja karakana kila Jumanne na kulipwa kama mkaguzi. Mwenye karakana anakiri kwamba mwanzoni alimwogopa. “Anatupilia mbali vitu ambavyo mimi ningeuza,” anasema. “Lakini tangu aje, hakuna boksi lililorudi.”

Mama Manyoya anashukuru waziwazi, bila kuona haya. “Nilikuwa na mwalimu chumba cha pili,” anasema. “Tulitenganishwa na ukuta wa tofali moja.”

Msimu ujao anataka wenzake watano wote wapelekwe mtoni, wageuze mawe wenyewe, na mwenye karakana amekubali kutoa gari. Yeye na bibi wana mpango wao wa pembeni. Juu kabisa, kwenye vijito vyembamba, inasemekana yuko trauti wa tatu, mwenye michirizi mgongoni kama maandishi, ambaye bibi hajawahi kumnasa katika miaka yake yote. Daktari amesema goti la bibi linahitaji miezi miwili ya mazoezi. Kila jioni wawili hao hutembea barabarani na kurudi, na kila wiki huongeza umbali wa nyumba mbili.

“Jana tumefika kwenye duka la dawa,” anasema Mama Manyoya. “Mama mwenyewe ndiye aliyenihimiza niongeze mwendo.”