Jua la Kualikwa

Moshi wa kuni hukuita jikoni, moshi wa majani hukuita shambani. Masizi ya mafuta ya taa juu ya kioo ni kitu kingine. Yana harufu kavu, chungu kidogo, inayokaa nyuma ya ulimi kama neno ulilokatazwa kulisema. Juzi, katika nyumba niliyopanga hapa Tabora, mwalimu anayekaa chumba cha pili alikuwa ameshika kipande cha chemni ya taa iliyovunjika, anakigeuza polepole juu ya utambi mpaka kikawa cheusi. Alikuwa amepata habari kwamba jua litapatwa, na kwamba watu watakaokuwa upande wa Ziwa wataliona likizibwa lote.

"Twende, ndugu yangu," aliniambia. "Wewe si mtu wa kukaa mahali pamoja. Au waona safari yote hiyo haifai kwa jambo la dakika chache?"

Pua yangu ilikuwa imekwisha kutangulia. Ilikuwa imefika Uluguruni, siku za Wajerumani, nami ni mtoto ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yanalegea.

Kijiji chetu kilikuwa juu, mahali ambapo mto Morogoro bado ni kijito cha kurukwa na mbuzi. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na shamba hufuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu mkubwa katika maisha yangu hakuwa baba, ambaye alikuwa mpole kama mgeni, bali mjomba Kobelo. Alikuwa kijana mrefu, mwenye ndevu chache alizozitunza kama miche ya tumbaku, na hakuna kitu kilichopita bila yeye kutaka kukiona. Bibi, mama yao yeye na mama yangu, aliniita "mume wangu", kama bibi wote wanavyowatania wajukuu, kisha akanituma maji, kuni na moto kutwa nzima.

Siku hiyo Bibi alikuwa akipeta mahindi nje. Mpiga mbiu wa akida alipanda mlima kwa kuhema, akagonga ngoma yake kidogo tu, kwa sababu pumzi ilikuwa imemwishia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umeleta nini leo, kodi au kazi?"

"Si kodi wala kazi. Keshokutwa mchana jua litapatwa, giza litaingia. Bwana mkubwa anawaalika nyote, wake kwa waume, mshuke uwanjani mbele ya boma mkatazame. Vioo vya kutazamia mtapewa bure."

"Bure?" Bibi aliacha kupeta. "Nani kamwambia kwamba jua litapatwa?"

"Wana hesabu zao."

"Na jua limekubali?"

Tulicheka, sisi watoto. Mpiga mbiu alijifuta jasho. "Mimi natumwa tu, Bibi."

"Haya, uliyetumwa. Jua la boma na hili linalonichoma mgongo, ni mawili?"

"Ni moja."

"Basi nitalitazama papa hapa, nimekaa."

"Huku juu kuna ukungu. Hamtaona kitu."

Bibi aliinua macho. Kilikuwa kiangazi, na mbingu ilikuwa imetakata kama bakuli lililooshwa. Hata kile kilele cha Bondwa, ambacho hupenda kujifunika, siku hiyo kilikuwa wazi. Alirudia kupeta, lakini kwa nguvu, na makapi yakamwendea mpiga mbiu usoni mpaka akaaga.

Ili mwelewe makapi yale, lazima niwaambie habari za Mloka. Alikuwa mwana wa kwanza wa Bibi, kaka yake Kobelo. Gari la moshi lilipofika Morogoro kwa mara ya kwanza, mpiga mbiu huyo huyo alipita kwetu na ngoma hiyo hiyo: njooni mtazame. Mloka alishuka kutazama. Waliosogea karibu waliambiwa wapande juu, waone lilivyo ndani. Waliopanda walikwenda kushushwa mbali, mahali ambapo reli ilikuwa bado haijafika, wakapewa sururu. Mtu mmoja wa Kilosa alisema alimwona akichimba. Baada ya huyo, hatukumpata mwingine wa kusema lolote. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Bibi tangu siku ile alishtuka hata akiitwa kula.

Jioni wanaume wa kijiji walikwisha kata shauri. Watachoma magimbi ya kutosha, watachukua majembe yao, na siku ya jua watakuwa ndani kabisa ya msitu, mahali ambapo askari hapendi kwenda kwa sababu ya ruba. Kobelo peke yake alikataa.

"Mimi nashuka," alisema. "Jua likizibwa mchana, nami nijifiche chini ya miti kama kicheche? Nitawaambia nini wanangu?"

"Kwanza uwe hai uwapate hao wana," Bibi alisema.

"Mloka alipanda garini, mama. Jua halipandwi."

"Panya haendi kwenye mtego kwa sababu ya mtego, mwanangu. Huenda kwa sababu ya harufu."

Walibishana mpaka uji ukashika utando. Mwishowe Bibi akasema kwamba kama kijana hasikii, basi yeye mwenyewe atakwenda naye, na mume wake atakwenda pia. Mume huyo alikuwa mimi. Akanivuta karibu, akanipa kazi yangu. Nimshike mjomba mkono, nisiuachie hata iweje, wala nisitazame juu. "Wewe mtazame mjomba wako. Mimi nitawatazama askari. Jua litazamwe na wasio na watoto."

Tulishuka asubuhi na umande. Njia ilinuka migomba na udongo uliolowa, na chini kabisa bonde la Ngerengere lilikuwa limelala katika rangi ya majivu. Kobelo alitembea mbele akipiga mluzi. Bibi alikuwa amejifunga kaniki mbili, moja kiunoni, nyingine mabegani, ingawa hapakuwa na baridi.

Mjini jambo la kwanza aliloliona lilikuwa duka la Baniani, karibu na soko. Lilikuwa limefungwa, milango na madirisha. "Mnaona?" alinong'ona. "Huyu hafungi duka hata akifiwa. Ameambiwa kitu."

Uwanjani watu wa mjini walikuwepo wengi, wamevaa kanzu safi. Lakini watu wa milimani! Naona kila kijiji kilikuwa kimefikiri kama chetu. Walioshuka walikuwa vikongwe wasio na meno, watoto, na mzee mmoja kipofu aliyeletwa na mjukuu wake kutazama jua. Mjomba Kobelo alisimama katikati yao kama mhindi mmoja uliobaki shambani baada ya mavuno.

Akida alipita akitukagua. "Ninyi Waluguru, wanaume kwenu wameisha?"

"Wameisha, bwana," Bibi akajibu, akiinamisha kichwa kwa adabu. "Wengine walikuja kutazama gari la moshi."

Askari waligawa vipande vya kioo vilivyofukizwa moshi. Hapo ndipo harufu ile ya masizi iliponiingia, isitoke tena mpaka leo. Bwana mkubwa alikuwa nyuma ya darubini yake, ameinama, hatujali. Na mkononi mwa askari mmoja, Bibi aliona kamba. Ilikuwa kamba ndefu, mpya, imezungushwa vizuri. Alinibana bega mpaka nikauma midomo.

Mjomba aliweka kioo machoni. "Limeanza," alisema. "Mama, limeumwa ubavuni!"

"Tazama upesi, tuondoke."

Mimi nilitii, nikatazama chini. Tulikuwa kando ya mkwaju, na vidoa vya mwanga vilivyopenya kati ya majani vilianza kubadilika. Havikuwa tena mviringo. Kila kimoja kilikuwa mwezi mwembamba, miezi mingi isiyo na hesabu, imetapakaa juu ya vumbi na juu ya miguu ya mjomba. Nilidhani nimechungulia kitu kisichoniruhusu. Nilirudisha vidole vya miguu yangu nyuma nisiikanyage.

Mwanga uligeuka rangi, si wa jioni wala wa mawingu, mwanga wa kizee. Kuku waliingia chini ya baraza ya boma. Upepo wa baridi ulitoka milimani. Bibi hakutazama lolote katika hayo. Macho yake yalikuwa kwa askari, nao walikuwa wanasogea. Mmoja mmoja walirudi nyuma, wakasimama bega kwa bega, na mahali waliposimama ni kwenye njia ya kutokea.

"Wanafunga," Bibi alisema kwa sauti ndogo.

Kisha giza likaanguka. Watu walipiga ukelele, wengine wakaanza kumtaja Mungu, na mahali fulani mtu alipiga debe kwa nguvu zake zote ili jua liachiliwe. Mimi nilimtazama mjomba, kama nilivyoagizwa. Alikuwa amekishusha kioo. Uso wake ulikuwa umeinuka, mdomo wazi, na juu ya mashavu yake palikuwa na mwanga mdogo wa fedha ambao sikujua unatoka wapi. Ndevu zake chache zilitetemeka. Akasema neno moja, polepole, kama mtu anayejibiwa swali la zamani.

"Kumbe."

Hapo hapo kaniki ya Bibi ikamfunika kichwa. "Twende! Mume wangu, vuta!" Mjomba alipinga, akasema, "Mama, niache, mama, kidogo tu," lakini Bibi alikwisha mfunga kama mwari, akamsukuma mgongoni, nami nikavuta. Tulipita kando ya askari wale katika giza, vikongwe wawili na mtoto, mmoja wa vikongwe akiwa mrefu ajabu. Hakuna aliyegeuka. Mwanga uliporudi, tulikuwa tumefika mtoni. Wasichana waliokuwa wakichota maji walipiga magoti wakasema, "Shikamooni, mama zetu." Kutoka ndani ya kaniki sauti nzito ikajibu, "Marahaba," na vibuyu viwili vikaenda na maji.

Siku ile hakuchukuliwa mtu. Nataka mlijue hilo, kwa sababu sisi tulilijua tukiwa tumekwisha kimbia. Kesho yake habari zilipanda mlima zenyewe. Ile kamba ilikuwa ya kuzungushia darubini, watoto wasiiguse. Wale askari walikuwa wamerudi nyuma kwa hofu, na mmoja alipoteza kofia yake. Baniani alifunga duka kwa sababu dini yao haipendi kula wala kuuza jua likiwa hivyo. Waliobaki uwanjani walipewa chumvi, wakarudi wakiimba. Wanaume wetu walitoka msituni na ruba miguuni, wakasema waliona giza wakadhani ni mvua.

"Ilikuwaje?" walimuuliza Kobelo.

"Mwulizeni mama," alisema. "Yeye ndiye aliyeniibia."

Wasichana walimwita bi harusi muda mrefu. Kwa mama yake alikula, lakini alikula akitazama ukuta. Bibi hakuomba radhi. Alisema tu kwamba ung'ongo, hata kama si nyoka, nao hufunga mtu.

Baadaye vita vikaja. Walipokuja kuchukua wapagazi walikuja alfajiri, bila ngoma, bila mbiu, bila kumwalika mtu kutazama lolote. Wanaume walishikwa milangoni wakiwa bado na usingizi. Bibi alifuata mstari ule mpaka kwenye kijito, kaniki ya pili iko mabegani, na giza la kumfunikia mtu halikuwepo, maana jua lilikuwa linachomoza zuri, zima. Kobelo alikuwa na kamba kiunoni. Aligeuka akamwona mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akamchekea.

"Mama," alisema, "leo hawakutuonyesha kitu."

Hakurudi. Wengine wawili kutoka kwetu walirudi, wakasema ni mzigo, wakasema ni homa.

Mimi nilisoma mjini, nikapanda gari lile lile la moshi kwa nauli yangu, nikaanza huku kutangatanga kwangu ambako hakujaisha. Kila niliporudi nyumbani Bibi alikuwa mdogo zaidi, na kila mara aliniuliza jambo lile lile, akiwa amekaa na ungo mtupu mapajani.

"Mume wangu, hivi lile jua lilikuwaje?"

Mwanzoni nilimkumbusha kwamba hatukulitazama, mimi na yeye. Baadaye nilijaribu kumweleza nilivyosoma, mwezi unavyopita mbele. Alitikisa kichwa, kama anayesubiri mtu mjinga amalize. Ndipo siku moja nilipomwambia nilichokiona kweli. Nikamwambia mdomo ulivyokuwa wazi, mwanga wa fedha mashavuni, ndevu zikitetemeka, na lile neno. Bibi alifumba macho. "Tena," alisema. Nikarudia. Tangu siku hiyo hakutaka habari nyingine ya jua, nami sikuwahi kumpa nyingine, mpaka alipozikwa. Nilichelewa kuelewa kwamba alikuwa akimuuliza mwanawe kupitia kwangu, kwa kuwa wakati wa giza lile yeye alikuwa akiwatazama askari.

Mwalimu alikuwa bado amesimama mlangoni, kioo chake cheusi mkononi, anangoja jibu. Je, inafaa? Mjomba alilipata jua kwa muda wa neno moja, na sidhani kama aliwahi kusema kwamba ni kidogo. Alisema ameibiwa, na mtu huibiwa kitu chenye thamani.

"Kwanza niambie," nilimwuliza mwalimu. "Huko Ziwani, nani katualika?"

Alinishangaa. "Kutualika? Hakuna aliyetualika. Ni jua tu."

"Basi," nikasema, "twende."