Kigoda cha Ghorofani

Mama Pasi alikuwa amechoka na mvuke. Tangu aajiriwe hotelini alikuwa akinyoosha mashuka katika chumba kisicho na dirisha, na sasa nafasi ya kaunta ya mapokezi ilikuwa wazi. Meneja alisema atampa, mradi aweze kumwelekeza mgeni kwa Kiingereza.

Hapo ndipo palipokuwa na kasheshe. Mama Pasi alipachika "to" kila mahali: to here, to there, to upstairs. Wifi yake, mwalimu wa Kiingereza asiye na subira hata chembe, alimweleza mpaka koo likamkauka kwamba maneno hayo yanajitosheleza. Unasema go upstairs, basi. Ukiwa unatoka huko ndipo unaweka from: from upstairs, from here. Mama Pasi aliitikia kwa kichwa, akakosea tena.

Mwishowe wifi akamsimamisha sebuleni. Kigoda kikawa ghorofani, sakafu ikawa chini, jikoni ndani, barazani nje. Kila neno alitamke huku akienda. Wiki nzima mtu mzima na akili zake alipanda na kushuka kigoda, mumewe akila huku anamkwepa. Maneno yakakaa. Ubaya ni kwamba yalikaa miguuni.

Siku ya majaribio bibi mmoja mgeni alifika kaunta, akauliza chumba chake kiko wapi.

"Go upstairs," Mama Pasi akasema bila kosa, na papo hapo akaiacha kaunta, akapanda ngazi. Bibi akamfuata. Simu ikalia, ikanyamaza, ikalia tena.

Aliposhuka, meneja mwenyewe ndiye alikuwa ameshika simu.

"Mama, kaunta ni ya kukaa."

Mama Pasi aliiona pasi ikimngoja. "Nimejaribu, bosi. Ulimi wangu haupandi bila miguu."

Meneja alitaka kununa, kicheko kikamshinda. Simu ya mwisho ilitoka kwa yule bibi, akipiga kutoka chumbani kwake: jioni alitaka kushuka bustanini, na alimtaka mama yule yule ampeleke. Wageni walikuwa wakipotea kwenye zile korido kila kukicha. Kaunta angeitafutia mtu mwingine. Mama Pasi awe anawasindikiza wageni, na pasi aiage leo.

Nyumbani wifi alikuwa mlangoni, mikono kifuani, akitaka kujua yaliyojiri. Mama Pasi alivua viatu, akapanda kigoda, akabaki hapo juu. Wifi akamtazama, machozi yakamlengalenga, kisha akamuuliza kwa ukali wake ule ule atashuka saa ngapi.

"Leo sishuki, wifi."