Jani Lililomstaafisha Shangazi Apolonia

Fundi akianza kukoroga chokaa uani kwangu, mimi huingia ndani na kufunga dirisha. Watoto wangu hudhani ni kifua. Si kifua. Nilipokuwa na miaka tisa nilimwachisha kazi shangazi yangu kwa jani moja lenye chokaa, na kosa lenyewe lilikuwa la kijinga hivi kwamba mpaka leo naona haya kulieleza. Nawaeleza ninyi kwa sababu hatukutani sokoni.

Kwetu ni Uru, mlimani juu ya Moshi. Mimi si mtu wa kwenda mahali. Safari yangu ya kujivunia ni ya Himo, na nilirudi siku ileile kwa sababu nilikumbuka nimeacha maharage jikoni. Mtu wa safari kwetu alikuwa Shangazi Apolonia, dada mkubwa wa baba. Mumewe alifariki mapema, naye akarudi kukaa kwenye nyumba ndogo kando ya migomba yetu, na tangu hapo akawa mtu wa kutumwa. Siku hizi mwenye kazi kama yake hupewa gari lenye bendera na kuitwa mheshimiwa balozi. Shangazi alikuwa na khanga mbili na miguu yake.

Mke akikimbilia kwao, alitumwa Shangazi. Koo zikigombania zamu ya maji ya mfereji, Shangazi. Aliwahi kushuka mpaka Moshi mjini, kwa fundi cherehani mmoja Mwislamu ambaye kijana wake alimpenda binti wa huku juu. Wazazi wa pande zote mbili walikuwa wameapa kutoonana. Alikaa kule siku mbili, na baada ya hapo wakawa wanapelekeana mchele wa Mabogini na mikungu ya ndizi.

Alikuwa na utaratibu wake. Hakuketi mpaka akaribishwe mara tatu. Hakuonja kitu mpaka jambo lenyewe liguswe. Na matusi hakuyabeba. Ukimtuma, "Kamwambie yule mbwa," yeye alifika akasema, "Anakusalimu, ila moyo wake haujatulia." Niliwahi kumwuliza kama huo si uongo, maana nilikuwa kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza na uongo ulinisumbua sana, hasa wa watu wengine. Akacheka. "Neno nimelifikisha, Manka. Nimeliosha tu njiani."

Wazee wa baraza la mangi, chifu wetu, walimtegemea wote, lakini walipogawana nyama ya shukrani baada ya suluhu, kila mmoja alitajwa kwa jina na cheo, naye akaitwa "yule dada."

Basi, siku hizo za Mwingereza, kahawa ilikuwa imepanda bei na kila mtu alitamani mstari mmoja zaidi kwenye kihamba chake, shamba la urithi la migomba na kahawa. Mipaka ya vihamba vyetu haina uzio. Hupandwa isale, mmea wa majani marefu ya kijani ambao hauguswi ovyo. Mzee Bonifasi, jirani yetu wa upande wa chini, alipokuwa mjini akiuguza mguu, masale ya mpakani yalihama. Aliporudi, mistari mitatu ya kahawa yake ilikuwa kwetu. Baba alisema haoni kilichobadilika. Mzee Bonifasi hakumpiga mtu. Alichukua chokaa iliyobaki walipopaka kanisa la misheni, akayapaka mashina yote ya isale mpakani, ili, kama alivyowaambia wapita njia, yasije yakaota miguu tena.

Shangazi alihangaika na jambo hilo wiki nyingi. Asubuhi alikuwa kwa baba, jioni kwa Bonifasi, na katikati aliyaosha maneno. Mwishowe baba, huku amenuna kama mtoto aliyenyimwa sukari, akakubali kurudisha mistari ile na kuomba radhi kwa isale.

Maana jani la isale ndilo letu la kuombea msamaha. Linafungwa fundo, linapelekwa na mjumbe, na anayelipokea hana budi kusamehe. Katika ukoo wetu, ikiwa ugomvi ni wa ardhi, jani hukatwa kaburini kwa babu, ili marehemu mwenyewe awe mdhamini. Asubuhi ile Shangazi alilikata, akalifunga, akanipa nilibebe. Yeye alijitwisha kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. "Lisimame wima, lisiguse chini," akaniambia. Nikajibu vizuri sana.

Hatukukatiza mpakani; mgeni mwenye adabu huingia kwa njia ya mbele. Tukazunguka. Shangazi alitangulia, na mwenye kibuyu kichwani hageuki nyuma. Mimi, mjumbe msaidizi, nikaona migomba imejipanga kando ya njia kama maaskari. Nikaanza kuipiga upanga kwa lile jani. Mgomba wa tano au wa sita ukanishinda: jani likachanika, likabaki nyuzi mkononi.

Sasa pale tulipokuwa tumefika, mpaka ulikuwa hatua nne tu. Isale ni isale, nikajiambia. Nikachomoa jani jingine, nikalifunga, nikakimbia kumfuata Shangazi. Nilijiona nina akili kweli.

Mzee Bonifasi alitukaribisha mara tatu. Mkewe, Mama Rozi, akanipa bakuli la kiburu, ndizi na maharage zikitoa moshi. Shangazi akachukua jani kwangu bila kuliangalia, kwa sababu aliniamini, akalitoa kwa mikono miwili na kusema maneno yake. Yalikuwa mazuri hata Mzee Bonifasi akajifuta macho kwa kiganja. Kisha akauliza swali ambalo huulizwa kwa desturi tu.

"Limekatwa wapi?"

"Kaburini kwa baba yetu," akasema Shangazi.

Mzee Bonifasi akaligeuza jani. Kwenye kikonyo palikuwa na doa jeupe. Akalikwaruza kwa ukucha, akanusa.

"Apolonia. Baba yako alizikwa kwenye mpaka wangu?"

Shangazi aliliangalia jani, kisha akaniangalia mimi. Mara moja tu. Mzee Bonifasi naye akaniangalia, na Mama Rozi, na kukawa kimya kirefu. Mimi nilikuwa na kiburu mdomoni. Niliendelea kutafuna, macho yangu yakiwa kwenye vidole vyangu vya miguu.

"Nimelikata mimi," akasema Shangazi. "Lile la kaburini liliharibika, nikaona si neno."

"Wewe? Wewe, Apolonia?"

"Mimi."

Mzee Bonifasi hakulitupa jani. Aliliweka juu ya kigoda taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. "Rudi na mbege yako," akasema.

Njiani Shangazi hakunigombeza. Tulipokaribia nyumbani alisema tu, "Jani hata likichanika linapokelewa, Manka. Ungeniambia." Nyumbani alirudia uongo ule ule, kwamba kosa ni lake, na baba hakukasirika hata kidogo. Alicheka. Jioni akanipa kipande cha nyama cha kwanza, kabla ya kaka zangu, nami nikakila nikidhani ananihurumia.

Shauri lilikwenda barazani. Baba alikuwa na marafiki kule, na mistari mitatu ikabaki kwetu. Wazee wakasema walijua tangu zamani kwamba mambo mazito hayabebwi na mwanamke. Wakateua wanaume wawili na karani, ambao walifikisha matusi yote bila kupunguza hata moja. Shangazi hakutumwa tena. Akawa anashinda kizingitini akipukuchua maharage, na mtu akipita mbio kwenda kwenye ugomvi fulani, mikono yake ilisimama kidogo, halafu ikaendelea.

Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba kahawa ya mistari ile ndiyo iliyonisomesha sekondari. Na kwamba baba hakunihurumia siku ile, alikuwa ananishukuru. Mzee Bonifasi alishakufa, baba pia. Lakini Shangazi alikuwepo. Nilimpelekea sukari, nilimpelekea blanketi, nikamwita mama. Lile jambo sikulitaja. Nilikuwa nasubiri siku nzuri, na siku zote zilionekana za mvua.

Wiki moja baada ya kumzika nikaenda kwa Mama Rozi, bibi kizee sasa, nikamkuta anamenya ndizi. Nikamwamkia shikamoo, nikaketi, nikamweleza yote, huku nikilia vizuri kabisa. Alinisikiliza bila kuacha kisu. Nilipomaliza, akasema:

"Tulijua siku ileile. Mume wangu alikaa kimya akikungoja wewe. Ungefungua mdomo tu, angecheka, yangekwisha. Sasa unakuja kuniambia mimi nifanye nini? Mwenyewe alikuwa anakaa hapo mlangoni kwenu miaka yote."